Samaki wanapokufa bwawani Kasulu na Kibondo, yaulize maji kabla ya kununua dawa

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

SIMU hiyo huingia mapema, kabla mwenye nayo hajatoka kwenda kazini. Upande wa pili ni kaka, shangazi au baba mdogo aliyebaki kijijini, na baada ya salamu ndefu hufuata habari yenyewe: samaki wa bwawani wanakufa, na zinatakiwa fedha za dawa leo hii.

Si wachache mijini wanaoifahamu simu hiyo. Ni watu wenye asili ya Kasulu, Kibondo na vijiji vinavyozunguka miji hiyo, ambao walituma akiba yao ili bonde la familia lichimbwe bwawa, lijazwe maji ya chemchemi na kupandwa vifaranga wa perege au kambale.

Sababu za kuchimba zinaeleweka. Kasulu ipo kilomita zipatazo 90 kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, na Kibondo ni zaidi ya kilomita 200. Dagaa na migebuka hufika huko vikiwa vimekaushwa au vimekwisha kupanda bei. Mwaka 2024, Serikali ilipositisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana, wenye mabwawa milimani waliona wazi thamani ya kile walichonacho nyuma ya nyumba.

Lakini samaki wa bwawani hawaugui kama mbuzi au kuku. Mbuzi akiugua, mfugaji humtazama mbuzi. Samaki akiugua, cha kutazamwa kwanza ni maji, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu anayepiga simu huomba dawa na anayepokea hutuma bila kuuliza swali hata moja.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa waliotuma.

Bwawa la mita 10 kwa 20

Bwawa lenyewe lipo katika bonde moja nje kidogo ya mji wa Kasulu. Lina upana wa mita 10, urefu wa mita 20 na kina cha wastani cha mita moja. Lilipandwa vifaranga 400 wa perege, na ilitarajiwa kwamba baada ya miezi minane mavuno ya kwanza yangelipa ada ya shule ya watoto wawili.

Miezi minane ilipita. Samaki walikuwa wengi, wanarukaruka kila jioni, lakini waliokuwa wakinaswa kwa ndoana hawakuzidi urefu wa kidole. Baba mdogo, ambaye ndiye msimamizi, aliamua kwamba wana njaa. Akaongeza pumba, kisha akamwaga magunia mawili ya mbolea ya kuku ili maji yashike rangi ya kijani kama alivyoelekezwa zamani.

Maji yalishika rangi. Mwezi Novemba zikaja siku tatu mfululizo za mawingu mazito na manyunyu, na alfajiri ya siku ya nne bwawa lilikuwa na samaki waliokufa ukingoni kote. Simu ikapigwa. Muuzaji mmoja wa dawa za mifugo alishauri unga wa antibayotiki, fedha zikatumwa, unga ukamwagwa bwawani. Alfajiri iliyofuata walikufa wengine.

Hakuna aliyekuwa ameuliza walikufa saa ngapi.

Saa ya kifo

Swali hilo ndilo lenye majibu mengi kuliko yote. Samaki wanaokufa kati ya saa tisa usiku na mapambazuko, huku walio hai wakielea juu na kuvuta hewa kwa midomo iliyo wazi, kwa kawaida hawana ugonjwa. Wamekosa pumzi.

Rangi ya kijani bwawani ni mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, mmoja mmoja. Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo hutengeneza chakula chake na kutoa oksijeni ndani ya maji. Usiku kazi hiyo husimama, na mimea yenyewe huanza kuvuta oksijeni ileile pamoja na samaki, pamoja na bakteria wanaoozesha mbolea na mabaki ya chakula chini ya tope. Kiwango cha oksijeni hushuka usiku kucha, na huwa cha chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza.

Bwawa lenye kijani cha wastani huvuka usiku salama. Bwawa lililoshiba mbolea huwa kama nyumba iliyojaa wageni kuliko hewa yake. Zikitokea siku za mawingu, mimea hutengeneza oksijeni kidogo mchana na kuingia usiku ikiwa na deni. Wakati mwingine mimea yenyewe hufa kwa mkupuo, maji yakageuka kutoka kijani kuwa kahawia au kijivu ndani ya siku moja, na kuoza kwake kukamaliza oksijeni iliyokuwa imebaki.

Dalili nyingine ni ukubwa wa waliokufa. Oksijeni ikipungua, mara nyingi wakubwa hutangulia na vifaranga hubaki. Wakifa wakubwa kwa wadogo kwa saa chache, mchana kweupe, pamoja na vyura na wadudu wa majini, hiyo ni sumu. Kama vifo ni vya samaki wawili leo, watatu kesho, bila kujali saa, na waliopo wana vidonda au wanaogelea kombo, hapo ndipo neno ugonjwa linapoanza kuwa na maana.

Kuna jambo la kijiografia ambalo wafugaji wa nyanda za juu hawaambiwi mara nyingi. Ziwa Tanganyika lipo takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, wakati Kasulu na Kibondo zipo juu zaidi kwa mamia ya mita. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua na maji hushika oksijeni kidogo. Katika mwinuko wa mita 1,300, maji yenye joto lilelile hushika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko maji ya pwani. Ubaridi wa milimani hufidia sehemu ya upungufu huo, kwa kuwa maji ya baridi hushika oksijeni nyingi zaidi, lakini ubaridi nao una gharama yake kwa samaki, kama tutakavyoona.

Mkono hadi kwenye kiwiko

Ofisa uvuvi aliyefika katika bwawa lile siku ya tatu hakuwa na kipimo chochote cha kisasa. Alikunja mkono wa shati, akapiga goti ukingoni na kuzamisha mkono wima majini, kiganja kikiwa kimekunjuliwa kuelekea juu.

Kipimo hicho ni rahisi, na mtu anaweza kuelekezwa kwa simu. Vidole vikipotea machoni maji yanapofika karibu na kiwiko, kijani kinatosha. Vikionekana hata maji yanapofika begani, bwawa lina njaa, na mbolea kidogo inaruhusiwa. Vikipotea kabla maji hayajafika katikati ya kigasha, mbolea isimwagwe hata kiganja kimoja, na chakula kipunguzwe. Katika bwawa hili vidole vilipotea kabla ya kifundo cha mkono.

Akachota tope la chini. Lilikuwa jeusi na lilinuka kama yai viza, ishara kwamba huko chini oksijeni ilikwisha zamani na uozo ulikuwa ukitengeneza gesi yenye sumu.

Maagizo yake hayakuwa na dawa. Chakula kisitishwe kabisa, mbolea isisogee karibu, maji mapya ya mfereji yaingie kwa kuporomoka kutoka juu kupitia bomba lililotobolewa ili yachanganyike na hewa, na maji yanayotoka yatolewe chini, kwenye tope, si juu. Usiku huo vijana wa nyumbani walizunguka bwawa wakiyapiga maji kwa matawi hadi kunakucha. Ni kazi ya kuchosha, na majirani walicheka. Vifo vilikoma siku ya pili.

Ikumbukwe pia kwamba antibayotiki iliyomwagwa haikuwa hasara ya fedha tu. Dawa hizo huua hata bakteria wenye faida wanaosafisha maji, na huzoesha vimelea wengine kuishi nayo, kiasi kwamba siku ugonjwa wa kweli utakapokuja dawa hiyohiyo haitafanya kazi.

Wanaofuga matumbawe sebuleni

Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga matumbawe hai ndani ya matangi ya vioo yenye maji ya chumvi, sebuleni. Ni ufugaji wa gharama kubwa na wenye viumbe wadhaifu mno. Tumbawe likianza kupauka au kujikunyata, mfugaji makini haanzi na dawa. Hupima joto, kiasi cha chumvi, uwezo wa maji kuhimili tindikali na wingi wa taka zitokanazo na chakula, kisha hujiuliza ni kipi kilibadilika wiki iliyopita: taa, lishe, au maji ya kujazia.

Taifa letu lililipata somo hilo kwa ukubwa mwaka 1998, pale bahari ilipopata joto lisilo la kawaida na matumbawe ya Mafia, Unguja na kwingineko mwambaoni yakapauka na mengi kufa. Hayakuwa yameambukizwa. Maji yalibadilika, na vijimea vinavyoishi ndani ya matumbawe na kuyalisha vikatoka.

Hata samaki wa mapambo wanaosafirishwa kutoka Ziwa Tanganyika kwenda kufugwa kwenye vioo ng'ambo hufuata kanuni hiyo. Maji ya ziwa hilo yana magadi na madini mengi, na kipimo chake cha pH hukaribia 9. Samaki aliyezaliwa humo akitiwa ghafla katika maji laini ya chemchemi ya milimani atadhoofika mbele ya macho yako, bila kidudu chochote kumgusa.

Udongo mwekundu na chokaa

Maji laini ndiyo tatizo la mabonde mengi ya nyanda za juu. Udongo mwekundu uliopigwa na mvua kwa karne nyingi umepoteza madini yake, ukabaki na tindikali. Bwawa likichimbwa humo, maji yake nayo huchukua tabia hiyo. Mbolea ikiwekwa haishiki, kijani hakitulii, na pH hupanda na kushuka kwa kasi kati ya mchana na usiku. Perege huvumilia mengi, lakini humpendeza zaidi kipimo kati ya 6.5 na 9. Karatasi za kupimia hazina gharama kubwa, na mtu wa mjini anaweza kuzituma kwa basi.

Tiba ni chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa, inayonyunyizwa kwenye sakafu ya bwawa kabla ya kujaza maji. Hapa kuna kosa linaloua. Chokaa iliyochomwa, inayotumika kupaka kuta, ikimwagwa katika bwawa lenye samaki hupandisha pH kwa ghafla. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yao muda wote. Katika maji ya wastani sehemu kubwa ya amonia hiyo haina madhara makubwa, lakini pH na joto vikipanda, hugeuka kuwa katika hali yake kali inayounguza mashavu. Mfugaji aliyekusudia kutibu huwa ameua kwa mkono wake.

Ubaridi nao usisahaulike. Perege hustawi zaidi maji yakiwa na joto la nyuzi 26 hadi 30. Chini ya nyuzi 20 hamu yake ya chakula hupungua sana. Miezi ya Juni na Julai, usiku wa Kibondo huwa wa kuotea moto, na samaki hukataa pumba asubuhi. Familia hudhani wanaumwa, huongeza chakula cha kuwabembeleza, chakula hicho huzama na kuoza, na tunarudi palepale kwenye tope jeusi. Kipimajoto kimoja kingetosha kumwambia msimamizi alishe saa nane mchana, kidogo, na akome wanapoacha kukimbilia chakula.

Mashavu, ngozi na mwogeleo

Maji yakishapimwa na kuonekana mazuri, ndipo samaki mwenyewe achunguzwe, akiwa hai au amekufa muda huohuo. Aliyelala juani tangu asubuhi hana tena la kusema.

Fungua kifuniko cha shavu. Mashavu ya samaki mzima ni mekundu kama damu mbichi. Yakiwa ya kahawia, maji yana nitraiti nyingi, aina ya taka inayozuia damu kubeba oksijeni. Yakiwa yamepauka au yana utelezi mwingi, huenda kuna wadudu wanaonyonya. Nyuzi nyeupe kama pamba juu ya ngozi ni ukungu, na ukungu huota zaidi palipokwisha kuumizwa, ama kwa wavu ama kwa mdomo wa ndege, na hupenda msimu wa baridi. Macho yaliyotokeza pamoja na kuogelea kwa kuzunguka ni dalili za bakteria hatari, na hilo ni suala la mtaalamu na maabara.

Wapo pia virusi vya perege vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Israel mwaka 2014, na ambavyo watafiti waliripoti mwaka 2018 kuviona kwa samaki wa Ziwa Victoria. Havina dawa. Ndiyo maana vifaranga wasinunuliwe kwa mtu asiyejulikana alikowatoa.

Kwa ukungu na wadudu wa ngozi, wengi hukimbilia chumvi, na watu wa Kigoma wana haki ya kuiamini, kwani Uvinza imekuwa ikitoa chumvi tangu zama za mababu. Chumvi inasaidia kweli, ila kwenye ndoo: gramu 10 kwa lita moja ya maji, samaki akaogeshwa kwa dakika chache huku akitazamwa, na akilala ubavu atolewe mara moja. Kuitupa kwa viganja bwawani ni kujifurahisha. Bwawa la mita 10 kwa 20 lenye kina cha mita moja lina lita 200,000. Ili kila lita ipate gramu moja tu zinahitajika kilo 200, yaani mifuko minne ya kilo 50.

Sumu, kwa upande wake, haichunguzwi kwenye samaki bali juu ya mfereji. Nani alipulizia nyanya au maharage jana? Bomba la dawa lilioshewa wapi? Baadhi ya viuatilifu vinavyoonekana vya kawaida shambani ni vikali mno kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Na mmea wa utupa, ambao wavuvi wa zamani waliutwanga kulevya samaki mtoni, bado unaota katika vijiji vingi. Jambo hili huleta ugomvi wa majirani, kwa hiyo mwenye busara huchukua maji katika chupa safi kabla ya kumtaja mtu.

Samaki waliokufa wafukiwe mbali na maji, na maji ya bwawa lenye ugonjwa yasifunguliwe kwenda mtoni. Mito ya Kasulu na Kibondo humwaga Malagarasi, ambayo huingia Ziwa Tanganyika baada ya kupita katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000.

Kilichokuwa kimejificha

Turudi bondeni. Vifo vilikoma, lakini swali la kwanza lilibaki: kwa nini baada ya miezi minane samaki walikuwa wa urefu wa kidole? Ofisa yule alishauri bwawa likaushwe.

Walipofika nusu ya maji, ilionekana. Vifaranga 400 walikuwa wamegeuka maelfu. Perege huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu, jike hulea mayai na watoto mdomoni, na akiwa mahali penye joto la kutosha huweza kurudia kila baada ya wiki kadhaa. Hakuna aliyekuwa ametenganisha madume na majike. Waliokuwa wakinaswa kwa ndoana hawakuwa wale waliopandwa, walikuwa wajukuu wao, na wote waligombea sahani moja.

Ugonjwa, basi, haukuwahi kuwepo. Wingi ulileta udumavu, udumavu ukaleta magunia ya mbolea, mbolea ikaleta kijani, na mawingu ya Novemba yakamalizia.

Siku hiyo wakubwa walichaguliwa mmoja mmoja kwa kutazama tundu la uzazi chini ya tumbo. Madume yalirudishwa bwawani baada ya tope kuzolewa na chokaa ya kilimo kunyunyizwa, majike yakaliwa, na wale wadogo walianikwa juani na kuuzwa kwa visado kama dagaa. Fedha iliyopatikana haikufikia ada ya mtoto hata mmoja.

Kwa walio karibu na ziwa, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi ina kampasi yake Kibirizi, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo Kigoma. Kwa aliye Kibondo, mlango wa karibu ni ofisi ya uvuvi ya halmashauri, na afike na majibu mkononi: saa ya vifo, rangi ya maji, nini kilimwagwa wiki hiyo, pamoja na samaki mmoja mgonjwa aliye hai katika ndoo ya maji yaleyale.

Siku hizi simu ya baba mdogo huingia jioni, si alfajiri. Huuliza hali za watoto, hulalamikia fisi maji na mdiria wanaomnyang'anya samaki, kisha kabla ya kuaga husema mkono ulipotelea wapi siku hiyo. Juzi ulikuwa kwenye kiwiko.